Ungo wa Msindikizaji

Kama unakwenda kwa Tueleze kwa mara ya kwanza, nisikilize mimi, achana na wanaosimulia mambo ya kuambiwa. Usisugue ulimi. Usifunge kula. Usivae soksi mpya ukidhani utaonekana mtu wa maana, kwa sababu utazivua. Na kama wewe ni msindikizaji, jua mapema kwamba utapewa ungo wa majani ya kuchambua, na mdomo wako utaufunga mpaka uruhusiwe kuufungua. Mimi nilipewa huo ungo. Mimi, ninayeuza vitambaa sokoni, mdomo ndio mtaji wangu! Waliponiona natoka pale nimenyamaza, watu walidhani nimefiwa.

Tueleze ana jina lake la kuzaliwa, lakini mtaani halitumiki. Ni tabibu wa tiba asilia, mama wa makamo, ana mwili, anatembea taratibu na hakimbilii jambo. Alikuwa muuguzi wa wodini miaka na miaka kabla ya kurudi darasani kusomea lishe na mimea, na ule uuguzi haujamtoka: akikushika mkono kukusalimu, vidole vyake tayari viko kwenye mshipa. Wagonjwa wote huwapa kiti cha mbao chenye mto, yeye huvuta kigoda akaketi chini yao, akaweka mikono mapajani na kusema, "Haya, tueleze." Kisha ananyamaza. Unasema kichwa kinauma, ananyamaza. Unaongeza kwamba kinauma zaidi jioni, bado kimya. Basi mtu anajikuta anaeleza, anaeleza, mpaka anafika kwenye ugomvi wa shamba la urithi, na hapo ndipo kichwa kilipoanzia kuuma. Ndiyo maana tukamwita Tueleze. Anajua tunavyomwita, na hana neno.

Aliyetuelekeza kwake ni wifi yangu. Tumbo la wifi lilimsumbua tangu ndoa yake ya kwanza, na sasa yuko kwenye ya pili. Alipotoka kwa Tueleze hakuwa na chupa ya maajabu. Alikuja na amri ya kutafuna chakula bila haraka, asile akakimbilia kitanda, na majani fulani ya kuchemsha. Akapona, na tangu apone hatupumui. "Mpeleke kaka yangu kwa Tueleze. Wifi, unasubiri nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta!" Kila siku ufa, kila siku ukuta, kana kwamba mimi ni mwashi.

Kaka yake ndiye mume wangu, fundi viatu. Kibanda chake kiko kwenye kona, amepakana na kinyozi. Ni mtu wa maneno machache. Mimi nikisema kumi yeye anasema moja, na hilo moja mara nyingi ni "sawa". Tumeishi hivyo vizuri tu, wala sikulalamika. Wageni wakimuuliza habari za kazi, mimi najibu. Daktari akimuuliza anajisikiaje, mimi najibu. Nilikuwa najua anavyojisikia, sasa kwa nini tupoteze muda wa watu?

Ana sukari. Alikuwa akimeza vidonge vya hospitali kwa muda mrefu na mambo yakawa shwari. Lakini mwaka ule akaanza kubadilika. Suruali zikawa zinamvuka. Akawa anasinzia kibandani nyundo ikiwa mkononi, na maji aliyokuwa akinywa, jamani, nilikuwa najaza mtungi na kugeuka tu nakuta kata inagonga chini. Nilikuwa naogopa jambo moja, na nalisema wazi: nilikuwa naogopa mguu. Baba mkwe wangu alikuwa na sukari hiyohiyo. Walimkata mguu, na mwaka haukuisha tukamzika. Hilo jambo nyumbani kwetu halitajwi, lakini lipo mezani kila tunapokula.

Halafu akaanza kulala na soksi. Msimu wa joto, mabati yanalia kwa jua mchana kutwa, mume wangu anapanda kitandani na soksi!

"Baridi," akasema.

"Baridi ya wapi? Au unajiandaa kuoa tena, bwana harusi wangu?"

Akacheka kidogo, akageukia ukutani. Nami nikacheka. Laiti ningejua nilichokuwa nakicheka.

Nikakata shauri twende kwa Tueleze. Sasa angalia tulivyojiandaa, maana huko ndiko watu wanakoharibu. Wifi alisema Tueleze anasoma ulimi. Basi asubuhi ile mume wangu akachukua mswaki, akausugua ulimi wake mpaka ukawa mwekundu kama nyama buchani. Mimi nilikuwa nimemlisha mboga za kuchemsha siku kadhaa mfululizo, bila chumvi, bila mafuta, ili akiulizwa anakula nini ajibu bila kuona haya. Nikampigia shati pasi, nikamtafutia soksi mpya. Kinyozi naye alikuwa ametia neno lake, ila hilo nilikuja kulijua baadaye, na mpaka leo nywele za wanangu zinanyolewa kwingine.

Tueleze anatibia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, karibu na gereji. Ukiingia unakuta benchi, beseni la kunawia lenye sabuni, mizani, kitanda chembamba cha kupimia, na rafu ya chupa za kioo zenye majani makavu, magome na mbegu, kila moja na kijikaratasi chake. Kuna bango pia, limeandikwa kwa herufi kubwa: USIACHE DAWA ZA HOSPITALI BILA KUMUULIZA DAKTARI WAKO. Lakini bango liko nyuma ya mlango, na siku ile mlango ulifunguliwa wote kwa sababu ya joto, ukalificha.

"Karibuni. Mgonjwa nani?"

"Ni huyu, mume wangu," nikaanza. "Ana sukari, anachoka, halali vizuri, anakunywa maji kupita kiasi, na nadhani pia—"

"Ana mdomo?"

"Nani?"

"Mume wako."

"Anao."

"Basi shika hii, mama." Akaniwekea mapajani ungo uliojaa vijiti vya mlonge. "Majani huku, vijiti kule. Usindikizaji hapa una kazi yake, na kazi hiyo si kujibu."

Ebo! Nilitaka kusimama niondoke. Lakini wifi angenicheka mpaka kaburini, nikashika kijiti.

Tueleze akavuta kigoda. "Haya, baba, tueleze."

Mume wangu akatazama dari. "Niko vizuri tu."

Tueleze akamuuliza analalaje. Vizuri. Anakwenda chooni vipi. Vizuri. Jana alikula nini tangu asubuhi. "Mboga." Na juzi? "Mboga." Na ile siku aliyokula akafurahi? Hapo akanitazama mimi, nami nikainamia ungo. Akamuuliza akikasirika mwili unamuuma wapi, akiwa na furaha anamwambia nani, wazazi wake walikufa kwa maradhi gani. Jamani, mtu aliyekuja kwa sukari anaulizwa furaha yake anampelekea nani! Hata mimi mkewe sijawahi kumuuliza hivyo. Na yeye, kila swali, vizuri, vizuri. Majibu sahihi yote nilikuwa nayo mimi, yamejaa mdomoni, nayameza moja baada ya jingine. Vijiti nikawa navivunja badala ya kuvichambua.

"Mama," Tueleze akasema bila kugeuka, "majani hayana kosa."

Kisha akasema, "Baba, toa ulimi." Akautoa. Tueleze akautazama, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Nani kaupiga deki huu?"

Nikaangua kicheko, sikuweza kujizuia. Hata mume wangu akacheka, mabega yakashuka kidogo. Tueleze akatabasamu. "Watu wote wanaokuja mara ya kwanza wananifanyia hivi. Wanakuja wamejisafisha kama wanaoposa. Mimi nataka mwenye ugonjwa wake, nyinyi mnaniletea mgeni rasmi. Haya, mfuko wenu uko wapi?"

Hilo nalo ulijue: unaambiwa mapema ubebe kila unachomeza, kiwe cha hospitali, cha dukani au cha jirani. Nikaonyesha mfuko kwa kidole, maana kusema siruhusiwi. Tueleze akatoa tangawizi, akatoa unga wa majani tuliopewa na wifi, akaunusa na kuuweka mbali. Akatoa pakiti za vidonge vya sukari. Akazigeuza, akazitikisa karibu na sikio.

"Hizi zimejaa," akasema.

Gerejini mtu alikuwa anagonga chuma.

"Haya, baba. Tueleze."

Akanyamaza kama kawaida yake, na mume wangu naye ni bingwa wa kunyamaza, kwa hiyo nikajua leo tutalala hapa. Lakini kumbe kimya cha kukaa mwenyewe na kimya cha kusubiriwa ni vitu viwili. Mume wangu akavuta pumzi.

"Niliviacha," akasema. "Kinyozi aliniambia tiba asilia haipatani na vidonge. Eti mwili lazima uwe mtupu, dawa ya majani ipate nafasi. Tangu dada yangu alipoanza kututajia hapa, nikaviacha nianze kujisafisha."

Ungo ukaniponyoka. Majani yakatapakaa sakafuni. "Umeviacha? Kila asubuhi nakupa maji umeze, na unameza mbele yangu!"

"Nilikuwa nameza maji."

"Mama," Tueleze akasema. Sauti ilikuwa ya upole, lakini ni ile ya wodini, ambayo ukiisikia unakaa. Nikakaa.

Akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Alipoisoma namba, uso haukubadilika hata kidogo, ila hakutuonyesha. Akakiweka kipimo pembeni.

"Baba, vua viatu."

"Miguu haina shida."

"Sawa. Vua."

Fundi viatu wa mtaa mzima, viatu vyake vinang'aa mpaka unajiona ndani yake, akaivuta miguu chini ya kiti. Wahenga walisema mganga hajigangi, na mimi siku ile nilimwona huyo mganga kwa macho yangu.

"Mguu hauniumi," akasema. "Nakuapia, hauumi hata kidogo."

"Ndiyo maana nataka kuuona," Tueleze akajibu. Akashuka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti sakafuni juu ya majani yangu, akafungua kamba za kiatu mwenyewe.

Soksi mpya ilikuwa imegandamana na ngozi. Akailowesha kwa maji, akangoja, akaivuta polepole. Harufu ilitangulia. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda, kimezungukwa na wekundu, na katikati ncha nyeusi ya kimsumari cha viatu, vile anavyovishika mdomoni akifanya kazi. Alikuwa amekikanyaga na asikisikie.

Nilitaka kupiga kelele. Mguu. Ule ule mguu niliokuwa nauogopa, umelala kando yangu ndani ya soksi, na mimi namwita bwana harusi.

"Niliona damu kwenye soksi," mume wangu akasema. Hakuwa anamtazama Tueleze, alikuwa ananitazama mimi. "Nikajua nikionyesha tu, watakata. Kama baba. Nikasema labda majani yataukausha kabla mtu hajajua. Na wewe nilijua ukiuona hutalala tena."

Kwa miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile kwa mara moja.

Tueleze akasafisha kuzunguka kidonda, msumari hakuugusa, akafunika kwa shashi safi. Akapiga simu hospitali, akazungumza nao lugha yao ya kazini, akakata. "Mnakwenda sasa hivi. Wanawasubiri."

Hapo hasira ikanipanda. Hofu yangu hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa. "Na dawa je? Tumekuja hapa kwa ajili ya dawa! Chupa zote hizo, rafu nzima, na hata moja si yake?"

"Hata moja," akasema. "Humu ndani hakuna jani linalokiweza kidonda hicho leo, na anayewaambia lipo mkimbieni. Vidonge anarudishiwa leo, hospitali wataangalia na mengine. Akitoka huko, mrudi. Kazi yangu na yake haijaanza bado." Akanishika bega. "Na yeye asitembee. Mwite mwenye gari."

Hospitali walimlaza. Wakautoa ule msumari, wakasafisha kidonda, wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano za kushusha sukari. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda na daktari alipokuja kuuliza mgonjwa anaendeleaje, nikafungua mdomo, halafu nikaufunga. Mume wangu akajibu mwenyewe. Alijibu taratibu, akakosea, akarudia, na daktari akasikia mambo ambayo mimi nisingeyasema kwa sababu sikuyajua: vidole vimekufa ganzi tangu lini, kizunguzungu kinamjia akifanya nini. Daktari akaniambia pembeni kwamba tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Sikumuuliza habari gani.

Mguu ulibaki. Vidole vyote vilibaki, hata hicho gumba, ingawa kina kovu baya. Wifi anasema ni kwa sababu yake. Mwache aseme, safari hii ana haki.

Tukarudi kwa Tueleze jeraha lilipofunga. Safari hii mlango ulikuwa umefungwa, na mume wangu akasimama mbele ya lile bango, akalisoma lote, akatikisa kichwa. Ulimi hakuusugua. Nami nilikuwa nimempikia anachopenda, akiulizwa aseme ukweli.

Na hapo sasa ndipo nikaiona hiyo tiba yenyewe. Usitegemee miujiza. Tueleze na mume wangu walipanga sahani yake: mboga nusu, maharage, wanga kidogo, na chai bila ile sukari anayoizamisha. Akifunga kibanda atembee kwanza kabla ya kuja nyumbani, polepole, amevaa viatu vinavyofunika vidole. Jioni aoshe miguu, aikaushe mpaka katikati ya vidole, achungulie nyayo kwa kioo. Vidonge anameza, na safari hii nafungua kinywa chake nihakikishe. Majani ya kuchemsha aliyatamani sana, lakini Tueleze akasema atazungumza na daktari wake kwanza, kwa sababu mengine nayo yanashusha sukari, yakikutana na vidonge mtu anaweza kuanguka. "Usiwe na haraka ya majani," akamwambia. "Miguu yako ndiyo dawa ya leo." Mume wangu alijibu kila swali. Hata lile la furaha alilijibu. Sitawaambia alisema nini, ila nilichambua mlonge huku naona ukungu.

Nikamaliza ungo wote, nikausogeza mbele, nikachukua mkoba wangu. Nilidhani tumemaliza.

"Mama," Tueleze akasema, "hamia kwenye kiti."

"Mimi? Mimi mzima."

"Sawa. Hamia."

Mume wangu akasimama kunipisha. Tueleze akaingia ndani, akarudi na ungo mwingine umejaa, akampa yeye. Akaupokea bila ubishi, akakaa kwenye benchi la msindikizaji, akaanza kuchambua kwa vile vidole vyake vilivyojaa gundi.

Tueleze akavuta kigoda, akaketi chini yangu, akaweka mikono mapajani.

"Haya, tueleze."

Nikafungua mdomo. Mimi, ninayeweza kumuuzia kitambaa mtu aliyekuja kuuliza njia, nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza akangoja. Tueleze akangoja. Gerejini walikuwa wanagonga.

"Silali," nikasema hatimaye, na machozi yakaja kabla sijayaruhusu. "Usiku naamka, namfunua shuka, nagusa miguu yake. Mmoja, halafu wa pili. Napima kama ina joto. Kila usiku. Hata sasa alivyopona. Na mgongo unaniuma, na moyo unakimbia, na sijamwambia mtu."

Mume wangu akaacha kuchambua. "Mke wangu, kumbe—"

"Baba," Tueleze akasema bila kugeuka. "Majani."

Akainama, akachambua. Nami nikaendelea, na hakuna aliyenikatiza mpaka nikamaliza.